Makopo ya Mama Mkwe

Mtaa mzima ulimwita Bi Kikapu, na jina lenyewe alilitafuta kwa jasho lake. Karani huyu wa shule ya msingi hakwenda sokoni bila kikapu cha ukindu, na muuza nyanya akithubutu kunyoosha mkono kwenye mifuko ya plastiki, alipewa somo papo hapo, wateja wengine wakisubiri. Nyumbani kwake miswaki ilikuwa ya mianzi, sabuni ya vyombo ya kipande, na sinki lilisuguliwa kwa unga wa magadi na ndimu. Yote mazuri, nani atabisha? Mifereji ya mtaa ule ilizibwa na chupa na mifuko mpaka mvua ikinyesha maji yaliwafuata watu vitandani. Ila Bi Kikapu alipenda mno kuonekana akitenda mema, na hapo ndipo shetani alipompata.

Kikundi cha akina mama wa mazingira kilitangaza kwamba kitachagua nyumba ya mfano, na mlango wake utapigiliwa kibao. Bi Kikapu alikitamani kibao kile kama mtoto anavyotamani pipi. Nyumba yake ilikuwa tayari kila kona, isipokuwa rafu moja jikoni, na rafu ile ilikuwa ya mama mkwe.

Mama mkwe alihamia kwao baada ya kufiwa na mumewe, akaja na makopo yake. Kopo la siagi lenye ufa kwenye kifuniko lilikuwa la sukari. Dumu dogo lililokatwa shingo lilikuwa la chumvi. Kopo lililowahi kuegemea jiko likayeyuka ubavu lilikuwa la majani ya chai. Yote plastiki, yote yamepauka. Asubuhi, wengine wakiwa bado wanapiga miayo, yeye alishapika chai ya nyumba nzima, na hakuna aliyemnyang'anya kazi hiyo. Alikuwa na mdomo wa utani pia. Alimwambia mke wa mwanawe kwamba chai ya karani ni ya kugongwa muhuri, si ya kunywa.

Siku ya kuamkia ukaguzi, mama mkwe alipokwenda kumjulia hali jirani, Bi Kikapu alipanga rafuni mitungi ya kioo, yote sawasawa, yenye vifuniko vya mbao, akamimina humo sukari, chumvi na majani. Mtungi mmoja ukabaki mtupu, ukaharibu safu, basi akautia magadi ya kusugulia. Makopo akayapeleka kwenye ukumbi wa kikundi, nako yakatungwa kwenye waya ukutani, chini ya karatasi iliyoandikwa "Maadui Tuliowatoa Majumbani". Angetulia kidogo angejiuliza ni adui gani huyu aliyetumika miaka yote bila kutupwa, ilhali mitungi mipya imekuja imeviringishwa plastiki kuanzia shingo hadi miguu. Lakini nyani haoni kundule.

Mama mkwe aliporudi aliambiwa rafu yake imepambwa. Akasema ni vizuri. Hakuikaribia, na jioni ile hakumtania mtu.

Kesho yake asubuhi, kabla chai ya nyumba haijapikwa, wageni wakafika, wakiongozwa na mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu aliyezoea kusikilizwa. Wakapita chumba kwa chumba wakisifu. Wakati wao wanakaa sebuleni, mama mkwe aliingia jikoni kupika chai, maana kwake mgeni haondoki na koo kavu. Bi Kikapu alimwona kupitia mlango uliokuwa wazi. Aliona vidole vyake vikipita juu ya mitungi, vikirudi, vikipita tena. Majani aliyapata kwa kuyanusa. Sukari ilimsumbua. Pengine angeonja, lakini sauti za watu zilikuwa hatua chache tu, na mama wa heshima zake halambi vidole mbele ya wageni. Akachagua mtungi mmoja, akachota kijiko juu ya kijiko. Bi Kikapu hakuwaza kitu. Mwenyekiti alikuwa anayasifia mapazia.

Chai ikaja. Mwenyekiti alipiga funda moja, macho yakamtoka. Mwenzake aliirudisha kikombeni bila hata kujificha. Bi Kikapu akaonja naye: magadi matupu, ladha ya nguo zilizolowekwa. Papo hapo vile vidole vikamrudia akilini, na akaelewa jambo ambalo chini ya paa lake mwenyewe hakulijua. Mama mkwe haoni. Amelificha hilo ili asiwe mzigo kwa mtu, na makopo yale ndiyo yalikuwa macho yake.

Ilikuwa aseme neno moja tu: mitungi nimeibadilisha mimi. Neno la sekunde. Kibao kikamsimamia mbele ya macho, akacheka kicheko cha pembeni, akasema:

"Mnisamehe jamani. Mama umri umeenda, siku hizi anachanganya mambo."

Mama mkwe alikuwa bado amesimama, sinia mkononi. Aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka.

"Ni kweli," akasema. "Nimezeeka. Mnisamehe, wanangu."

Wageni wakampa pole Bi Kikapu, eti kulea mzee si mchezo. Alizipokea pole zile, na uso ukamwaka moto kana kwamba kazabwa kofi.

Habari ilimfikia mumewe, dereva wa lori, kabla hajafika nyumbani. Aliambiwa mama yake nusura awape watu sumu. Alipofika hakugomba; alikaa tu akasema mama ataondoka Jumamosi aende kwa dada yake, mbali, kwenye watu wanaoshinda nyumbani, na mpaka siku hiyo asiguse jiko. Bi Kikapu alikuwa anakunja nguo. Alijiambia atasema baada ya kula, halafu baada ya taarifa ya habari, halafu kesho. Siku zikaenda. Mama mkwe alishinda kwenye kiti, mikono mapajani, haina kazi. Hakumshtaki mtu kwa mwanawe. Akiletewa chai alisema asante, mwanangu, na asante ile ilimchoma Bi Kikapu kuliko tusi. Usiku hakulala, mchana hakula, na hakuwa na wa kumlilia. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kupewa kibao. Mwenyekiti alisimama mbele ya ukumbi akamsifu, akaongeza kwamba mwenzao huyu kafanya yote hayo huku akimtunza mama aliyechanganyikiwa. Makofi yakalia. Bi Kikapu aliinuka, lakini kibao hakukipokea. Alikuwa anatazama waya ukutani, na lile kopo lililoyeyuka ubavu.

"Mama mkwe wangu hajachanganyikiwa," alisema. "Haoni. Makopo haya ndiyo alikuwa akiyapapasa ajue sukari iko wapi. Mimi niliyatoa ili mnisifu, na mlipokunywa magadi nikamsingizia yeye."

Mwenyekiti aliuliza kwa upole kama mambo ya ndani hayangesemwa faraghani. Bi Kikapu alijibu kwamba uongo aliusema mbele ya watu. Akapanda kiti, akaanza kufungua waya, machozi na kamasi vikimtoka, na hakuna aliyejua amtazame au atazame chini. Kibao kilibaki mezani.

Akatembea hadi nyumbani na kikapu kimejaa plastiki. Muuza nyanya alimwona, akapiga makofi akauliza leo mwalimu wetu kabeba nini. Bi Kikapu akamwambia acheke, ni haki yake.

Lori lilikuwa mlangoni na begi la mama limeshatolewa chumbani. Mama mkwe amekaa sebuleni, kajifunga kitambaa cha safari. Bi Kikapu alipiga magoti akamwekea makopo mapajani, kisha akamgeukia mumewe akamwambia kwamba mama hakukosea kitu. Rafu aliipangua yeye, na uongo alisema yeye. Mumewe akasema haelewi. Mitungi si inaonyesha kilichomo?

"Sioni, mwanangu," mama yake akasema. "Muda sasa."

Dereva alikalia begi lile lile, akajishika kichwa.

Vidole vya mama mkwe vilikuwa vimeshaanza kazi. Vikapata ufa, vikapata shingo iliyokatwa, vikakaa kwenye ubavu ulioyeyuka. Kisha akauliza:

"Na wale wageni wangu, umewaambia?"

"Nimewaambia, Mama. Wote."

"Haya. Nipishe nipike chai. Ya kwako bado ina muhuri."

Akaenda jikoni, mkono mmoja ukutani, na hakuna aliyemzuia. Walikunywa wote watatu. Chai ilikuwa tamu kama ilivyokuwa siku zote, na Bi Kikapu, ambaye ile ya magadi aliimeza mbele ya wageni bila kukunja uso, hii hakuweza kuimaliza.