Msondo wa Shule

Fomu ile ilikuwa na maswali kumi na moja, na Mwalimu Biubwa aliyajibu kumi kwa haki ya Mungu. Lile moja alilolijibu kwa ujanja ndilo lililokuja kumkaba roho.

Mwaka huo, sabini na nne, walitokea wafadhili wa Ulaya waliotaka kuzisaidia shule zitakazoshirikiana na vikundi vya ngoma vya hapohapo zilipo. Shule itoe watoto na uwanja, kikundi kitoe mafundi, wao watoe fedha. Maombi yalipitia ofisi moja ya Dar es Salaam, na kwa upande wa Bagamoyo aliyezigawa fomu alikuwa Bwana Msabaha, Afisa Utamaduni, mtu mpole wa Pangani mwenye baiskeli iliyong'aa kuliko viatu vyake. Shule ya Biubwa, kando ya barabara baina ya Zinga na Kerege, ilikwisha kuomba mara mbili na mara mbili ikakataliwa. Watoto wa darasa la kwanza walisomea nje, na kila jua lilipopanda walibeba vibao vyao na kufuata kivuli cha ukuta, mpaka saa sita kivuli kikawa hakuna. Fedha zile zingejenga banda la sanaa. Alasiri ngoma, asubuhi darasa la kwanza. Jambo hilo liliandikwa wazi na wala halikuwa na wizi ndani yake.

"Kasoro yenu ni moja tu, Mwalimu," Msabaha alimwambia alipomletea fomu kwa mara ya tatu. "Kila shule inaandika mdundiko. Huko Dar wameshauchoka mdundiko. Soma hapo, swali la saba: kikundi kitafundisha kitu gani ambacho shule nyingine hazina? Waandikie kitu, dada yangu."

Biubwa akaishika kalamu, akatazama nje, akawaona watoto wamejibana ukutani kama nguo zilizoanikwa. Akaandika: msondo.

Kwa mtu wa pwani hapo sina haja ya kuendelea, keshashika kichwa. Kwa asiyejua, msondo ni ngoma ndefu ya akina mama, inayopigwa mwali anapochezwa, yaani anapofundwa utu uzima. Jina lake si siri, hata wanaume huusikia ukilia kwa mbali, nao hujipitia zao na kujifanya viziwi. Siri ni mambo yake: nyimbo zake na maana ya nyimbo hizo, ambazo mwali hula yamini asizitoe nje mpaka anaingia kaburini. Msondo haupigwi uwanjani, wala hachezi mtoto ambaye hajaingizwa ndani. Biubwa mwenyewe alikula yamini hiyo akiwa na miaka kumi na mitatu, magoti chini, mbele ya kungwi wake, ambaye mpaka leo humwita somo, Bibi Kibibi. Na Bibi Kibibi huyohuyo ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama kilichotajwa katika fomu.

Sasa utauliza, aliandikaje? Aliandika kwa sababu alidhani fomu ni ya kusomwa na watu wa mbali wasioujua msondo wala wapigaji wake. Fedha zitakuja, akina mama watafundisha mdundiko wao kama kawaida, watoto watacheza, banda litasimama, na swali la saba litaliwa na mchwa katika kabati la mtu. Msomi naye! Miaka miwili ya chuo cha ualimu na bado hakujua kuwa karatasi ikishatoka mkononi mwako haikuombi ruhusa ya kwenda inakotaka.

Fedha zikaja kweli. Banda likasimama, likaezekwa bati jipya, na Mwalimu Mkuu Mikidadi akawa kila asubuhi anasimama mbele yake mikono nyuma, utadhani kalizaa yeye. Jumanne na Alhamisi akina mama wakaja na kanga zao za sare, wakawafundisha watoto mdundiko mpaka vumbi likatua juu ya daftari. Dija, binti yake Biubwa, aliyekuwa darasa la sita, akatokea kuwa mchezaji wa mbele. Bibi Kibibi alimpenda mtoto yule kupita kiasi. Alikuwa akimsimamisha mbele ya wenzake na kuwaambia, "Mtazameni mguu wake. Mguu hauna haraka huo." Miezi mitatu Biubwa alilala usingizi mzito.

Katikati ya mwezi wa sita Msabaha akaja na barua. Hakushuka kwenye baiskeli kwa madaha yake ya siku zote, alishuka kama mtu aliyeleta habari ya msiba. Wafadhili wanakuja siku ya Saba Saba, pamoja na watu wa ofisi ya Dar, kuuona msondo. Walikuwa wameutaja kwa jina, na swali wameliandika kwa nambari yake. Ikiwa kilichoahidiwa hakipo, msaada utafutwa na vilivyonunuliwa vitarudishwa.

"Vilivyonunuliwa ni pamoja na bati?" aliuliza Biubwa.

"Hasa bati, Mwalimu."

Biubwa akamweleza yote palepale, bila kuficha. Msabaha akamsikiliza, akatoa leso na kujifuta shingo.

"Mama yangu mimi alikuwa kungwi," alisema. "Nilipoliona jibu lako nilishtuka. Nikasema moyoni, labda wamekubaliana wenyewe, mambo ya akina mama mimi mwanamume nayaingiliaje? Nikagonga mhuri."

"Ungeniuliza!"

"Na wewe usingeandika." Hakulisema kwa ubaya. "Sikiliza. Wapigieni huohuo mdundiko, halafu muuite msondo. Mgeni atajua nini?"

"Mgeni hatajua. Lakini uwanja utajaa watu wa Zinga nzima."

"Basi waambie wageni peke yao, pembeni. Watu wa Zinga watangazie mdundiko. Kila mtu apate jina lake, aende nyumbani."

Ukiisikia kwa haraka, rai ile ilikuwa nzuri. Biubwa aliigeuza kichwani siku tatu na kila upande aliougeuza ulikuwa na mlango uliofungwa. Akikiri kwa wafadhili, bati linashuka na wale watoto wanarudi juani. Akimwambia Bibi Kibibi, kikundi kinajitoa saa hiyohiyo, na bati linashuka vilevile. Asipomwambia mtu, itabidi amtumie kungwi wake kama mwanasesere, mbele ya watu, na mwenyewe asijue.

Siku ya nne akaamua kwenda kusema. Alimkuta Bibi Kibibi barazani kwake, Dunda, anasuka mkeka, ukili wa rangi tatu, zambarau na kijani na nyekundu, umejikunja miguuni pake.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri, njoo uone." Akaunyanyua mkeka kidogo. "Wa Dija huu. Mpunga ukishavunwa, mwezi wa nane, namtia ndani. Nilikucheza wewe, sasa namcheza mwanao. Nikifa baada ya hapo, nife tu, kazi nimemaliza."

"Somo, nina neno."

"Neno lolote litangoja. Shika hapa, nivutie."

Biubwa akashika ncha ya mkeka, akavuta. Neno likarudi tumboni, na lilikaa huko kama tonge la ugali mbichi. Aliogopa, ndiyo. Kule ndani, mwali huingizwa na mtu na hutolewa na mtu. Bibi Kibibi akikukataa, hakuna kungwi mwingine toka Dunda mpaka Kerege atakayenyoosha mkono, na msichana ambaye hakuchezwa hubaki mtoto machoni mwa wanawake wenzake hata akizaa saba. Haalikwi kwenye mambo, hasemeshwi siri, wakiimba wenziwe yeye hutolewa nje. Biubwa aliyajua hayo yote, ndiyo maana alivuta ukili mpaka kucha zikauma, kisha akaaga akaenda zake.

Saba Saba ikafika. Watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Wageni walikuwa watatu, wanaume wawili na mama mmoja wa Kizungu mwenye kofia ya ukindu aliyoinunua asubuhi ile mjini. Waliketi chini ya banda, juu ya viti vya Mwalimu Mkuu. Biubwa akainama karibu na sikio la yule mama, akamweleza kwa Kiingereza kuwa kinachofuata ndicho walichokuja kukiona. Akalitamka lile jina kwa sauti ya chini, kama anayetamka tusi. Kisha akasimama mbele ya watu, akashika kipaza sauti cha kuazima, akatangaza, "Na sasa, wananchi, mdundiko!"

Vigelegele. Akina mama wakapiga. Lo, walipiga! Bibi Kibibi mwenyewe alikaa kwenye ngoma kubwa, mikono yake imekakamaa kwa uzee lakini haikosei, na Dija akatoka mbele na ule mguu wake usio na haraka. Wazee walitoa kofia. Mikidadi alitikisa mabega, akajikumbuka, akaacha. Kwa muda wa ngoma moja nzima Biubwa aliamini kuwa amepona. Alikuwa hata ameanza kucheka.

Ngoma ilipotulia, yule mama wa Kizungu akainuka bila kuombwa. Kumbe kwa miezi sita alikuwa akijifunza Kiswahili, na alikuja na hotuba yake imeandikwa kwenye kijikaratasi. Akakichukua kipaza sauti mkononi mwa Biubwa, na Biubwa, kwa adabu tu, akakiachia.

"Ndugu zangu," alisema, polepole, kwa furaha ya kweli. "Leo macho yangu yameona msondo. Asanteni, mama zangu, kwa kuwafundisha watoto wenu msondo. Tutawasaidia miaka mitatu tena. Na shule kumi na mbili zitakuja hapa, kwa mama hawa, kujifunza msondo!"

Mikidadi akapiga makofi peke yake. Wanaume wachache pembeni wakacheka na kutazama chini. Kwa upande wa wanawake uwanja ulinyamaza kimya, mabibi kwa wasichana, na mmoja mmoja wakaanza kumtazama Bibi Kibibi, kisha wakamtazama Biubwa. Bibi Kibibi aliiondoa mikono yake juu ya ngoma, akaiweka mapajani. Mama wa Kizungu akadhani ni heshima, akainamisha kichwa naye.

Wageni walipokwenda kula, Biubwa alimfuata kungwi wake nyuma ya banda, alikokuwa akijifunga kanga.

"Somo, nisikilize. Mimi sikutoa kitu. Neno moja sikulitoa, naapa. Ni jina tu nililiandika, kwa ajili ya bati."

"Naliona bati," alisema Bibi Kibibi. "Zuri."

"Siri zote ziko palepale."

"Najua. Wewe si mtu wa kutoa siri, nilikufundisha mwenyewe." Sauti yake haikuwa na hasira, na Biubwa angetoa chochote asikie hasira. "Umechukua kitu kizito, ukawaambia watoto ni hiki chepesi hapa. Sasa atakayewaambia vingine nani?"

Kabla Biubwa hajajibu, Dija akaja mbio, jasho linamtiririka, njuga bado miguuni.

"Mama! Somo! Kumbe msondo wenyewe ndio huu? Na sisi wasichana mnavyotutisha nao! Mbona mwepesi tu? Mimi nimeshaumaliza wote!"

Bibi Kibibi alimvuta yule mtoto karibu, akamfuta uso kwa pindo la kanga yake, taratibu, paji la uso, mashavu, kidevu. Kisha akainua macho kwa Biubwa.

"Umemsikia," alisema. "Mwanao keshacheza msondo. Mimi nimcheze nini tena?"

Akaondoka, na akina mama wakafuatana naye. Ngoma zote waliziacha, kwa kuwa zilinunuliwa kwa fedha za shule.

Mpunga ukavunwa. Mwezi wa nane wasichana sita wa rika la Dija wakatoweka darasani kwa pamoja, na kila mtu alijua walipo, na hakuna aliyeuliza. Dija peke yake akabaki katika safu yake ya madawati. Siku za kwanza aliona fahari, baadaye akawa anauliza, na Biubwa alimjibu kwa kumtuma maji.

Shule ya kwanza kati ya zile kumi na mbili ilifika Alhamisi, na kwa kuwa akina mama hawakukanyaga tena pale, Mikidadi alimwagiza Biubwa awafundishe yeye. Si ndiye aliyeandika? Alikuwa amesimama mbele ya walimu wageni na fimbo ya ngoma mkononi pale mjumbe wa kutoka Dunda alipoingia na mzigo begani. Bibi Kibibi anasalimu, alisema, na ameleta mchango wake kwa shule. Akaukunjua sakafuni. Mkeka wa rangi tatu, umekamilika mpaka ukingo, hauna hata ukili mmoja uliorukwa.

"Huyo ndiye mwananchi!" alisema Mwalimu Mkuu. "Darasa la kwanza, njooni mkae."

Wakaja, arobaini na kitu, wakaukalia na miguu yao ya vumbi. Kwa mbali, upande wa Dunda, msondo ulikuwa ukilia. Walimu wageni wakageuza vichwa, mmoja akauliza ile ni ngoma gani. Dija, aliyekuwa mlangoni na njuga mkononi, akamtazama mama yake, akingoja na yeye kusikia.

"Sijui," alisema Biubwa, akaanza kuwapigia mdundiko.