Kilo Sabini na Moja za Puani

Walimwita Pima-Kwanza, naye hakukasirika. Mafundi wengine husoma kadi ya tela, wakafunga chuma cha kuvutia kwenye gari, basi. Yeye haamini karatasi. Lazima ailaze pua ya tela, pale linapoungana na gari, juu ya mizani ya bafuni asome mwenyewe.

Asubuhi hiyo aliitwa uani kwa mama mmoja mjane. Mama alikuwa na tela la kulala safarini, chumba kizima juu ya magurudumu, na alitaka livutwe na kigari chake chekundu. Anahamia kwa binti yake, leo hii.

Kadi ilisema puani kilo sitini. Mizani ikasema mia na thelathini na moja.

"Makubwa!" fundi akasema. "Mama, hebu tutoe vitu."

Wakatoa mtungi wa gesi, maji, godoro, hata mapazia. Sindano ikashuka kidogo, kisha ikapanda tena palepale.

"Kigari chako mwisho wake sabini na tano. Ukizidisha, mkia unalemewa, magurudumu ya mbele yanaelea, unabaki kuchezea usukani. Chukua pikapu ya marehemu, ile pale."

"Ile sipandi ng'o! Miaka thelathini kanipeleka alikotaka yeye. Kwa mwanangu hakunifikisha hata siku moja." Mama akainamia mizani. "Kitanda chake kiko huku mbele. Hospitali walimpima, alikuwa na kilo sabini na moja."

Fundi akapiga hesabu: mia na thelathini na moja, toa sitini za kwenye kadi, ni sabini na moja.

Mama akafungua mlango wa tela. "Baba watoto, shuka! Nimekuuguza, nimekuzika, sasa yatosha. Shuka!"

Springi zikaguna. Ngazi ya mlangoni ikabonyea, ikarudi. Sindano ikasimama kwenye sitini.

Mwili ulimsisimka fundi, lakini kipimo ni kipimo. Akafunga chuma, mnyororo na nyaya za taa. Mama akaingia garini akicheka kama msichana. "Mungu akuweke, mwanangu! Leo nafika!"

Gari lilipokuwa likitoka getini fundi akaona limelalia upande wa abiria. Mama alikuwa peke yake. Mkanda wa kiti cha pembeni yake ulikuwa umevutwa, umefungwa.

"Mama, simama! Simama!" Akakimbia mpaka pumzi zikamwishia. Mama akatoa mkono dirishani akampungia, akidhani anaagwa.