Maharagi Meusi ya Mama Agar

Tulikuwa tumefika kwenye rundo la tano. Wanafunzi ishirini na sita wa mwaka wa pili wa sekondari walikuwa wamepiga magoti kuzunguka mkeka, wakitenga maharagi: mekundu makubwa, ya njano, meupe yenye mabaka, ya zambarau, meusi madogo. Kila rundo lilipokwisha niliandika hesabu yake ubaoni. Meusi yalikuwa machache kuliko yote: mia mbili na kumi na nne.

Ilikuwa Machi 2003, na hapo Butembo hata chaki ilikuwa adimu, sembuse vitabu. Mimi mwenyewe biolojia niliisoma katika kitabu kisicho na jalada, nikiwa bado seremala. Kwa hiyo nilikuwa nimewaambia kila mmoja alete maharagi ya nyumbani. Wengi walileta konzi moja. Agar, msichana anayekaa mbele, alileta mfuko mzima, karibu kilo mbili. Meusi yote yalitoka humo. Nilifurahi, wala sikumwuliza mfuko umetoka wapi.

"Sasa," nikawaambia, "tuseme jua limewaka miezi mitatu bila mvua. Haya madogo meusi yameshindwa."

Nikayakusanya kwa viganja, nikayamwaga nje ya dirisha, kwenye majani. Nilitaka waone kwamba aliyekufa harudi shambani.

"Yameshindwa juu ni madogo, Prof?" akauliza Lusenge, ambaye hakosi la kusema. "Basi Mathe ajichunge."

Mathe, mfupi kuliko wote, akamrushia haragi la njano. Nikangoja watulie.

"Mtoto hurithi kwa mzazi. Watoto wa haya yaliyobaki watakuwa na rangi gani?"

"Nyekundu. Njano. Hapana nyeusi."

"Kuna haragi hata moja lililogeuka rangi hapa mbele yenu?"

Wakayatazama. Hapakuwa na hata moja.

"Lakini shamba limegeuka," nikasema. "Viumbe hubadilika hivyo, kizazi baada ya kizazi."

Wote waliandika, isipokuwa Agar. Yeye alikuwa anatazama dirisha.

Kabla ya kengele akaingia mama yake, Kaswera, jembe begani. Desemba walikuwa wamekimbia mapigano upande wa Oicha, na parokia ilikuwa imewaazima kipande cha shamba mlimani. Mvua ilikuwa imeanza siku mbili kabla.

"Agar, mbegu iko wapi?"

"Prof aliomba maharagi, mama."

"Aliomba maharagi. Hakuomba mbegu."

Kisha akaona marundo. Hakupaza sauti.

"Nani alichagula hii mbegu?"

"Ni mimi, Mama Agar."

"Kwetu mbegu hapana kuchagula, Prof. Ile inaoza, unatoa. Ile ingine yote inaenda pamoja mu udongo." Akapitisha macho kwenye mkeka. "Na ile nyeusi?"

Nikamwonyesha dirisha. Kuku wa mlinzi wa shule walikuwa wamekwisha fika, wanachakura.

Kaswera akaketi kwenye benchi ya mbele, jembe mapajani.

"Mwaka moja mvua ilikuwa mingi sana," akasema. "Ile nyekundu yote ilioza. Ile nyeusi njo ilitulisha, mimi na batoto. Siku ya kukimbia niliacha sufuria, nikabeba mbegu. Na huku kwenu udongo siujui. Sijui itapenda gani, itakataa gani. Donc, basi, nilitaka kupanda yote, udongo ichague yenyewe."

Nikageuka kutazama ubao. Yote niliyokuwa nimeandika pale, yeye alikuwa anayajua kwa mikono yake. Mimi nilikuwa nimeyaua meusi kwa jua la kubuni, bila kujua kama jua ndilo linaloyaua.

"Nisamehe, mama."

"Kusamehe si shida. Shida ni kupanda."

Kengele ilipolia hakuna aliyeondoka. Lusenge alifukuza kuku, sisi wengine tukapiga magoti majanini, bega kwa bega, tukisogea polepole kutoka dirishani kuelekea ua wa miti. Udongo wa pale ni mweusi. Ungepapasa mara tatu mahali pamoja ndipo upate haragi moja.

"Hii udongo na hii maharagi ni ndugu," akanung'unika Lusenge.

"Nimepata ya ishirini," akasema Mathe. "Sasa nani ni mudogo?"

Agar alikuwa akipapasa karibu nami. Sasa akainua kichwa.

"Prof, kama sisi hatuyaone, kuku nayo hayaone."

Nikaacha kupapasa. "Sema tena."

"Kama ingekuwa ile nyekundu, kuku ingemaliza yote. Hii iko na rangi ya udongo. Inajificha."

"Andika hilo."

"Cahier ya kuandikia iko ndani."

"Basi lishike kichwani."

"Muko munasoma ao munatafuta?" akauliza Kaswera, bila kuinua uso.

"Byote, mama," akajibu Lusenge.

Saa kumi na moja na nusu ilibidi tuache. Wazazi walitaka watoto nyumbani kabla ya saa kumi na mbili, kwa sababu ya askari barabarani. Tulihesabu mara mbili: mia moja thelathini na tisa. Kaswera aliyafunga kwenye ncha ya kitenge chake. Yale mengine, pamoja na konzi za wanafunzi zilizokwisha changanyika nayo, aliyatia mfukoni mwenyewe, rundo baada ya rundo, akayachanganya, mkono umezama mpaka kiwiko.

"Mvua haingoje," akasema. "Lakini nitangoja siku moja tu."

Mlinzi alikubali kuwafungia kuku mpaka kesho yake mchana. Agar akachomeka kijiti mahali tulipofikia, hatua nne kabla ya ua, ili asubuhi tuanzie hapo.