Yule Bwana na Kabati Lake

...na sasa kabati tena, dakika ya arobaini hii yule bwana mwenye suti ya harusi analibeba tu mgongoni, halitui, uwanda mweupe wa chumvi mbele na nyuma, na ndani ya kabati kuna mtu anakohoa, au ni mbuzi, nani ajuaye, maana mwalimu wa historia ya filamu ameondoa maandishi ya tafsiri makusudi, tazameni, msisome, alisema, filamu hii ilizomewa ilipotoka, leo ina watu wake wanaoitazama kila mwaka wamevaa suti za harusi, nanyi mtaniandikia kurasa mbili kwa nini... kwa nini, jamani, hata yeye, binti wa mstari wa nyuma, angependa kujua, kiti kinamuumiza, dada wa mstari wa mbele anaandika mfululizo kana kwamba lugha anaielewa, mwongo mkubwa, na yule bwana kasimama, anasema na kabati, maneno marefu, macho yamemlegea, anasema... mama, nimechoka, nikutue hapa? Na kikohozi kikajibu. Eti mama! Nani kamwambia humo mna mama? Hakuna, kajitungia, na imemjia kwa sauti ya baba yake, mkwaruzo ule ule wa maikrofoni, kwani kazi ya baba ndiyo hiyo, kutafsiri filamu za kigeni kwenye ukumbi wa video, lugha sita na hajui hata moja, miaka ishirini watu wanacheka na kulia kwa maneno yake, na yeye binti, muhula wa kwanza tu chuoni, kozi moja ya lugha kichwani, akasimama ukumbi umejaa pomoni, baba, hakusema hivyo, kasema treni imechelewa, wewe unasema anamlilia mkewe, unawadanganya watu! Baba akamnyooshea maikrofoni, haya mwanangu, tafsiri wewe, naye akatafsiri, sahihi kabisa, treni imechelewa, inafika saa ngapi, saa nne, na watu wakaanza kutoka mmoja mmoja... miezi minane sasa hawaongei, na kila anayemuuliza humwambia baba alimtega, alimwaibisha mbele za watu, na aombe radhi yeye kwanza, simu hapigi ng'o... “Mnaona magoti yake?” anauliza mwalimu gizani, ndiyo, wanaona, yule bwana kapiga magoti na kabati halijashuka, anasema tena, na safari hii neno halimjii binti, mama anajibu nini humo ndani, baba angelipata papo hapo, baba alikuwa... baba alikuwa wapi siku ile, alipokwisha kumpa maikrofoni? Mlangoni. Kasimama mlangoni, anawashika watu mikono, kaa ndugu yangu, kaa kidogo, huyo ni binti yangu, anasoma chuo, mpeni nafasi. Alimsikia. Anatafsiri habari za treni huku anamsikia baba yake akiwabembeleza watu wakae, na hilo, Mungu wangu, katika kusimulia kwake kote hajawahi kumsimulia mtu, amekuwa akiliruka, kila mara analiruka pale pale, na yule bwana bado kapiga magoti kwenye chumvi, dada wa mbele anafungua ukurasa mwingine, na wa kuomba radhi ni yeye, tangu siku ile ni yeye, na alijua.