Maneno Kwenye Meza ya Kukatia

Binti wa mume wangu alikaa nami miezi kadhaa bila kuniita jina lolote. Akitaka chumvi, alisema "samahani". Akitaka kupita, alisema "samahani". Nikaona basi, hilo ndilo jina langu, Samahani, kama mtu aliyezaliwa kwa bahati mbaya.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kiwanda changu: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na kioo kirefu ambacho wateja hujipenda na kujichukia mbele yake. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu, yuko njiani zaidi kuliko nyumbani. Mkewe wa kwanza alifariki mtoto angali mdogo. Nilipoolewa nilimkuta binti ana miaka kumi na mmoja, mwembamba, mdomo umefungwa, kichwa kimejaa Kiingereza. Shuleni kwao walikuwa na mashindano ya maneno magumu, na yeye alikuwa kinara. Nilimbandika jina la Kamusi, ila moyoni tu, maana hatukuwa tumefikia hatua ya kutaniana.

Siku moja aliacha viatu mlangoni, mteja akajikwaa, nami nikamgombeza. Nikianza kusema huwa sina breki, hilo sikatai. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Wewe ni cantankerous." Akaingia chumbani kwake.

Nilibaki na mkasi mkononi. Ningeweza kumfuata nikamuuliza maana yake, lakini kuulizwa ndiko alikokuwa akikungoja, na mimi sikosi ujeuri. Nikalichukua lile neno nikaliweka mezani kama kitambaa kigeni, nikalipapasa, nikatafuta pa kukatia. Jioni tukiwa tunakula, kila mtu na sahani yake na ukimya wake, nikamwambia:

"Lile neno lako nimelikata."

"Umelikata?"

"Vipande viwili. Kanitenga, kanikera. Huyo ndiye cantankerous. Anakutenga, halafu anakukera. Sasa humu ndani nani anamtenga mwenzake, mimi au wewe?"

Alijitahidi asicheke. Aliuma mdomo, akatazama dari, akanywa maji, na maji yakamtokea puani.

"Siyo hivyo," alisema akijifuta. "Ni mtu mkali, mgomvi, asiyependezwa na kitu."

"Basi ni mimi. Haya, umenipatia."

Kesho yake aliniletea "bamboozle". Alisimama upande wa pili wa meza, akalitamka, akanitajia maana yake, kumdanganya mtu mchana kweupe, akasubiri. Nilikuwa napiga pasi kola.

"Rahisi hilo," nikasema. "Bamba zuzu. Umemkuta zuzu, umembamba, kwisha habari yake."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. "Kerfuffle", fujo ya bure inayozuka kwa jambo dogo: kero iliyofufuka. "Hullabaloo", makelele ya watu wengi: huyo hula balaa asubuhi, mchana na jioni. "Pusillanimous", mwoga asiye na moyo, lilitusumbua siku nzima, mpaka yeye mwenyewe akapiga kelele kutoka bafuni, sabuni ingali machoni: "Pusi la nyumbani! Pusi limenenepa, likimwona panya linapanda kabati!" Mteja aliyekuwa akisubiri sketi yake alidhani kuna paka kweli, akapandisha miguu kitini.

Sheria ikajitunga yenyewe, kwamba neno lililowekwa mezani haliondoki bila kukatwa. Na jina la Samahani likafa kimyakimya. Akaanza kuniita Fundi, kama wateja wangu, ila yeye aliliita kwa mcheko. Mwalimu wao alimuuliza anawezaje kuyakumbuka maneno yote yale, akamjibu kwamba nyumbani kwao yanashonwa. Aliponisimulia hilo nilicheka mpaka nikakata uzi pasipotakiwa. Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi naongeza kwamba mlezi naye hukuzwa, tena huku akilalamika.

Siku nyingine alileta neno fupi, "bereft". Nikaanza kulichezea mdomoni, bere, bere, nikamwona uso.

"Lina maana gani?"

"Mtu aliyeondokewa," akasema. "Amenyang'anywa mtu wake, akabaki hivi hivi."

Nikaondoa mguu kwenye cherehani. "Hilo tunavunja sheria, hatulikati," nikamwambia. "Kuna vitambaa huachwa vizima."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akanisimulia mama yake alivyokuwa akiimba jikoni bila kujua maneno ya wimbo hata mmoja, akijitungia yake. Nilimsikiliza mpaka alipomaliza. Siku hiyo nilijua kwamba nampenda mtoto huyu, nikaogopa, kwa sababu hakuwa wangu.

Wala sikuogopa bure. Mama yake mkubwa, dada wa marehemu, alipiga simu. Ni mwalimu mkuu wa shule ya bweni katika mji mwingine, hana mtoto, na alitaka kuishi na binti wa mdogo wake. Huko kuna shule nzuri, Kiingereza toka asubuhi hadi jioni, na chumba kimeshapakwa rangi. Mume wangu akaniambia kwa simu, injini ikinguruma nyuma ya sauti yake: "Mke wangu, mtoto ana akili zake. Dada atakuja Jumamosi, mtoto achague mwenyewe. Sisi tusimvute."

Tusimvute. Nililishika neno hilo kama amri. Mimi niliyeishia darasa la saba ningeshindanaje na mwalimu mkuu? Kule iko damu yake. Na nikimchekesha wiki hiyo, si ningekuwa kama muuzaji anayeweka kidole kwenye mizani? Kwa hiyo nikafunga duka la maneno. Alipokuja mezani na neno nilimwambia, "Mwanangu, leo nina kazi." Alipokuja tena nilimwambia vivyo hivyo. Halafu hakuja tena. Na kazi nilikuwa nayo kweli, maana dada alikuwa ameomba nimshonee mtoto sare ya shule mpya, iwe tayari endapo ataamua kwenda. Niliishona kwa mkono wangu mwenyewe, na sijapata kushona nguo nikaichukia kiasi kile.

Jumamosi dada akafika. Mpole, msafi, ana sauti ya taratibu. Nilimtafutia kasoro nikaikosa, na hilo liliniudhi zaidi kuliko kama angekuwa na kiburi. Alinywa chai yangu, akanishukuru kwa malezi, kisha akamgeukia mtoto.

"Haya, mwanangu. Mimi nakutaka sana, lakini silazimishi. Utakwenda nami, au utabaki?"

Mtoto akanitazama. Mimi nikatazama kikombe.

"Nitakwenda," akasema.

Dada akamkumbatia, akatoka kupanga nafasi kwenye gari. Tukabaki wawili katika chumba cha mbele. Gauni la sare lilikuwa halijapigwa pindo la chini, na huwezi kumsafirisha mtoto na nguo inayoning'inia nyuzi. Akalivaa juu ya fulana na kaptura yake, akapanda kwenye kigoda mbele ya kioo. Mimi nikapiga magoti, pini mdomoni, nikaanza kukunja.

"Najua umenichoka," akasema huko juu.

Nikatikisa kichwa. Mdomo umejaa pini, ningesema nini?

"Umenichoka. Wiki nzima hukukata hata neno moja. Nakuletea, unasema una kazi. Kumbe kazi yenyewe ni kunishonea nguo ya kuondokea." Sauti ikamkatika. "Nimeulizwa mbele yako, na wewe unaangalia chai."

Nikatema pini kiganjani. Zikanichoma, sikujali.

"Sitaki uende," nikasema.

Nikaendelea nikiwa bado nimepiga magoti, nikimwambia kwenye kioo kwa sababu kumtazama yeye mwenyewe nisingeweza.

"Baba yako alisema tusikuvute. Mama yako mkubwa ni mtu mwema, ana shule, na wewe una kichwa cha shule. Nikaona ninyamaze, uchague bila mimi kukuchekesha. Lakini sitaki uende. Nakupenda. Nyumba hii bila wewe sitaiweza. Sasa nimeshasema, na bado uko huru. Ukienda, nitakupigia pindo hili lisifumuke hata siku moja."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa nikisema, bado ungekwenda."

Nje tulisikia buti la gari likifungwa. Mtoto alisimama palepale juu ya kigoda, akivuta kamasi. Kisha akainua mikono yake yote miwili juu, kama mtoto mdogo anayengoja kuvuliwa nguo. Tangu nimjue hakuwahi kupenda kuguswa. Hata vipimo vya gauni lile nilivichukua kwenye nguo zake za zamani.

Nikainuka. Nikashika gauni kwenye pindo, nikaanza kulipandisha polepole, pini zisimkwaruze.

Kichwa kikiwa bado ndani ya kitambaa akauliza, "Mama mkubwa atalia?"

"Huenda akalia."

"Basi usiniache nimwambie peke yangu."

Gauni likamkwama masikioni. Sikulivuta. Nilimwambia asubiri kidogo, nikajifuta macho kwa upindo wa sare ile, ndipo nikamtoa.