Kamuti ya Valentine

Mama Jentrix anasema aliona kwa macho yake. Anasema mzee Kaloki, jirani yetu, alimsimamisha mdogo wangu Valentine kando ya mfereji, akamwekea uzi mweusi kwapani, akaushusha mpaka chini ya ule mguu uliokauka, akaufunga fundo huku midomo ikichezacheza. Kisha akamnong'oneza: "Nitakuletea kamuti. Usiambie mtu." Hapo Mama Jentrix hushika kifua. Ameizungusha hadithi hiyo Gatwekera nzima, hapa Kibera, na kila mlango uzi unaongezeka. Juzi nimesikia ulikuwa na damu.

Wacha niseme yangu, kwa sababu nilikuwa hapo nikifua nguo.

Valentine ana miaka tisa na hajaingia darasa la kwanza. Mwalimu alisema akiweza kuja kwa miguu yake atamwandika. Mimi siwezi kumbeba kila siku. Saa kumi na mbili asubuhi niko njiani kwenda kufulia watu Kilimani. Kaloki alikuwa hapo siku niliporudi na jibu hilo. Alisikia yote.

Alikuwa mtu wa kutisha, sitadanganya. Jicho moja jeupe kama yai, vidole vyekundu kwa rangi ya mbao, na salamu hakuijua. Ukimwambia "Sasa, mzee," anakuangalia kana kwamba umemkanyaga. Alichonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii, mlango umefungwa, tok tok tok mchana kutwa. Tena Mkamba. Sisi wa kutoka Vihiga tulifika Nairobi tukiwa tumeshaonywa: Wakamba wana kamuti, ile dawa yao, wakikutupia unabweka kama mbwa.

Sasa Ndugu Shiundu, wa chumba cha pili, yeye alikuwa mtu. Shati jeupe limepigwa pasi hata matope yakifika magotini, Biblia ya zipu, "Bwana asifiwe, dada Mideva, umeamkaje?" Mama yetu alisema tukipata Shiundu watano Kibera itakuwa mbinguni. Nami niliamini, mimi ninayejidai najua kuangalia watu.

Jumamosi moja, Kaloki akiwa amepeleka vinyago mjini, Shiundu aliwaita wapangaji wote wa ploti yetu. Mama Jentrix akasema yake. Shiundu akanigeukia, sauti kama asali.

"Dada Mideva, wewe husemi uongo. Uliona uzi?"

"Niliona."

"Ukasikia akitaja kamuti?"

"Nilisikia, lakini..."

"Inatosha, dada. Usijitie uchungu."

Hiyo "lakini" bado imenikwama kooni. Nilitaka kusema hata fundi wa nguo hupima hivyo, na midomo ilicheza kwa sababu alikuwa akihesabu. Nikanyamaza, kisa mtu ameshika Biblia.

Walivunja mlango wa Kaloki. Wakatoa mbao, twiga, vyombo vya kazi, wakavirundika njiani na kumwaga mafuta ya taa. Shiundu hakushika hata kijiti. Aliimbisha tu.

Ni Valentine aliyeona. "Ule uzi," akasema. Ulikuwa umefungwa kwenye mkongojo mdogo uliolainishwa, juu umevishwa kipande cha blanketi, chini umepigiliwa raba ya tairi. Nilipouchomoa motoni nusu ya chini ilikuwa imeshaliwa. Watu wakanipigia kelele niutupe.

Kaloki alirudi akakuta jivu. Akaokota chuma cha tezo yake ya kuchongea, mpini umeungua, akaenda. Jumatatu shemeji ya Shiundu aliingiza kitanda chumbani mwa Kaloki. "Mungu amefungua njia," Shiundu akaniambia akitabasamu. Nilitema mate karibu na viatu vyake vinavyong'aa. Nilichelewa.

Nikamwendea Munyao, fundi wa majiko pale Laini Saba, Mkamba pia. Nikamuuliza kamuti ni nini. Alicheka mpaka akaweka nyundo chini.

"Kwetu muti ni mti. Kamuti ni kamti kadogo, kafimbo. Uchawi upo, hata kwenu upo. Lakini huyo mzee alimwambia mtoto atamletea fimbo, basi."

Nilimweleza Mama Jentrix.

"Hata kama," akasema. "Na ile jicho?"

Munyao ndiye aliyenielekeza aliko Kaloki. Jana nilimbeba Valentine mgongoni kutoka Gatwekera mpaka Kawangware, na ule mkongojo ulioungua mkononi. Kaloki alikuwa nyuma ya stage ya matatu za 46, chini ya mabati ya wenyewe, akichonga shingo ya twiga. Nikauweka mkongojo mbele yake. Hakuugusa.

"Wewe ndiye uliyesema uliona uzi," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Uliona nini kingine?"

"Niliona ukipima. Sikusema."

Akalitazama fundo la uzi, lililokuwa bado juu pale. Valentine alikuwa ameshika nguzo, amesimama kwa mguu mmoja, hatingishiki, kama siku ile ya kupimwa.

"Shule inafunguliwa Jumatatu," nikasema. "Mzee Kaloki, mpime tena."

Akainamia twiga wake. Tok, tok, tok.