Mwanaamina Hapatikani

Tulikuwa tumeshaiacha Mlandizi nyuma, vumbi la njia ya Mzenga limeshatuingia mpaka kwenye meno, ndipo Magembe aliponiuliza kama nimemshika Mwanaamina vizuri.

"Nimempakata," nikamwambia. "Wewe angalia mashimo."

"Maana akidondoka huyo, mtani, ukoo wenu wote utaniandama. Mtasema Msukuma kaua."

Mwanaamina niliyempakata alikuwa kikompyuta, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia, nimekifunga kwenye khanga. Mwanaamina mwenyewe, dada yangu wa tumbo moja, alikuwa Marui anatungoja, hana habari kwamba wameshakuwa wawili. Magembe ni mfugaji wa Ruvu, na pikapu lake linanuka maziwa hata likiwa tupu. Kabila lake na letu la Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu. Ananitukana mbele za watu nami sikasiriki, na siku nikifa atakuja kudai mbuzi kwenye matanga yangu. Ukitaka safari iwe fupi, safiri na mtani.

Mimi ni mtu wa njiani. Nimekata mkonge Korogwe, nimepakia pamba Shinyanga, nimelinda ghala Tunduru, na shule nimeisoma vipande vipande, popote nilipokaa muda wa kutosha mwalimu anikariri jina. Sasa magoti yameanza kulalamika, nikaenda kumwomba dada chumba chake cha uani. Hakunikatalia wala hakunikubalia. Alinionyesha bati la biskuti lililojaa kanda za kaseti. Enzi zake yeye ndiye aliyekuwa anaongoza nyimbo za akina mama Marui nzima, na marehemu mumewe, Abdala, alikuwa akimrekodi kila walipotoa mwali. Redio ilishakufa, kanda zimebaki. Mjukuu wake Naila alikuwa anaolewa Jumamosi, na dada alitaka nyimbo zile zisikike sebuleni, jikoni na uani kwa pamoja.

"Ukiifanya nyumba hii iimbe," aliniambia, "chumba ni chako mpaka ufe. Ukishindwa nitaagiza muziki wa kukodi kutoka Kisarawe mjini, na muziki ukiisha wewe utapanda kwenye gari lao uende nao, kama ulivyozoea."

Ndiyo nikaenda Kibaha kwa Raudha, dada yake Naila, ambaye anafanya kazi ofisini na anajua mambo haya. Akapeleka kanda kwa fundi, zikahamishiwa kwenye kikompyuta. Akanieleza kwamba nyimbo zinakaa humo, ruta inazirusha hewani, spika za vyumbani zinazidaka, na simu ndiyo inayotoa amri. Lakini simu lazima iwe kwenye mtandao wa ruta ileile. Ukiwasha bando lako ni kama umetoka nje ya ua, unapiga kelele barabarani na walio ndani hawakusikii. Akanishauri simu niiweke katika hali ya ndege kisha niwashe waifai peke yake, nisije nikapigiwa katikati ya wimbo.

Alininunulia na ruta yenye betri yake. Kisha akanibadilishia kila kitu kuwa Kiswahili, akanikabidhi simu, akasema, "Haya babu, funga mwenyewe, maana mimi Marui sifiki mpaka Ijumaa."

Ukurasa ukaniuliza: Andika jina la mwenyeji.

Mimi sikuona ugumu. Mwenyeji wa nyumba ya Marui anajulikana mpaka na mbuzi. Nikaandika Mwanaamina.

Raudha alipoona alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kumbe mwenyeji kwao huko ndiye kikompyuta chenyewe, si mwenye nyumba. Nikamwambia basi akibadilishe, hakutaka, kwa sababu simu ilikuwa imeshaandika *Mwanaamina yuko tayari*, na ulipoanza wimbo ikaandika *Mwanaamina anaimba*. Magembe alikuja kuleta maziwa, akaomba na yeye aonyeshwe, na kuanzia hapo hakuna aliyekumbuka kukiita kikompyuta. Mwanaamina kaamka, Mwanaamina ana joto leo, Mwanaamina kanuna. Lugha yetu ndivyo ilivyo: kitu kina ki- yake na mtu ana a- yake, lakini ukishakipa kitu jina la mtu, ile ki- inaona haya, inaaga.

Alhamisi tukafika Marui. Dada aliipokea shikamoo yangu, akaifungua khanga, akageuza geuza.

"Redio iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, dada."

"Hii ni sabuni."

Magembe akamwambia aioshee vyombo tu, ndiyo akili ya Mzaramo ilipoishia, akawasha pikapu akarudi Ruvu.

Ijumaa asubuhi dada aliondoka na wanawake wenzake kwenda ng'ambo ya bonde kutwanga mpunga wa harusi. Naila alikuwa ameshapelekwa kwa shangazi yake kusingwa mwili kabla ya harusi. Nikabaki na nyumba nzima. Nikatundika spika moja sebuleni, moja jikoni, moja uani chini ya paa. Plagi hazikutosha, kwa hiyo simu ya dada iliyokuwa inachajiwa nikaichomoa, bado imezima. Nikaweka yangu katika hali ya ndege, nikawasha waifai, nikabonyeza.

Mwanaamina akaimba. Sauti ya dada, akiwa bado kijana, ilitoka sebuleni ikanipita ikatokea jikoni, na makofi ya wanawake waliokwisha kuzikwa zamani yakapigwa uani ambako hapakuwa na mtu. Nilicheza. Na goti langu hili bovu nilicheza, nikatoka mpaka uani nikizungusha kiuno mbele ya kuku, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikarudi ndani kinyumenyume.

Katikati ya wimbo wa pili kukawa kimya.

Simu ikaandika: *Mwanaamina hapatikani.* Ruta taa zake zinawaka, basi nikajua si umeme wa nyumba, ni wa kikompyuta chenyewe, kwa sababu nilishasahau kwamba ile ina betri yake. Nikakitikisa kikompyuta, nikakifuta vumbi, nikakishika: baridi. Nikaona chumba cha uani kinaondoka, na lori la muziki linaingia. Nikafungua bando haraka nimwandikie Raudha. Jina lake lilikuwa juu kabisa kwenye wasapu, nikaligusa, nikaandika hivi:

"Mwanaamina amezimika ghafla. Alikuwa anaimba vizuri tu. Nimemtikisa wapi. Siku zote ana joto sasa ni wa baridi kabisa. Nadhani ni umeme. Njoo mapema."

Nikatuma, nikairudisha simu kwenye hali ya ndege, nikaendelea kuhangaika.

Sasa, jina la Raudha lilikuwa juu kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ameandika mara ya mwisho kwenye kundi la ukoo, lile la Harusi ya Naila. Nililoligusa ni kundi. Yaliyofuata nilisomewa baadaye. Wa kwanza aliuliza kama ni kweli, wa pili akaandika inna lillahi, na kuanzia hapo hakuuliza mtu tena. Wakanipigia, sipatikani. Wakampigia dada, hapatikani, nao wakasema angepatikanaje. Raudha aliandika kwamba jamani huyo ni kikompyuta. Wakamwona amechanganyikiwa kwa uchungu, wakamwambia ajikaze. Magembe, ambaye alijua ukweli wote kama ninavyoujua mimi, aliandika: "Watani tumeshatoka Ruvu. Mbuzi wetu awe beberu." Mtu mwingine akabadilisha jina la kundi likawa Msiba wa Bibi Mwanaamina.

Mimi ndani nilikuwa nimelala chali chini ya meza nafuata waya. Mchana ulipopinda nikasikia gari, kisha gari jingine, kisha kilio uani. Nikajua jirani kafiwa. Nikajitoa chini ya meza nikaenda mlangoni kuuliza ni nani, na kabla sijauliza Hussen akaniangukia shingoni.

Hussen ni mdogo wetu wa mwisho, anakaa Kisarawe mjini. Yeye na dada walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa mikorosho, na alikuwa ameapa kwamba harusini hakanyagi. Sasa alikuwa amekanyaga, tena peku. Nyuma yake uani pamejaa watu wa Kisarawe, wa Kibaha, wa Mzenga, wengine sura zao nilikuwa sijaziona tangu ujana, na majirani walioona watu wanalia nao wamejiunga, sababu wataiuliza baadaye.

"Kaka," Hussen analia, "mikorosho yote ni yake. Mashahidi ni hawa. Yote, mpaka ule wa bondeni. Angengoja kidogo tu nimwambie."

Nikamuuliza angengoja nani. Akalia zaidi. Mzee Hashiru wa msikitini akanishika mkono, akaniuliza kwa upole maiti iko chumba gani. Pembeni Magembe ameshalala kwenye jamvi la wafiwa, kajifunika shuka, anasema haondoki hapo mpaka alipwe, na bibi mmoja anampiga kwa kandambili.

Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kuelewa pale umeme uliporudi. Marui nzima ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Kikompyuta kikaamka chenyewe, kikakumbuka kiliachia wapi, na sauti nilikuwa nimeiacha mwisho.

Mwanaamina akaimba kutoka sebuleni, jikoni na juu ya vichwa vyao.

Sitaki kusema nani alikimbia na nani alianguka, maana wengine ni watu wazima wenye wajukuu. Nitasema tu kwamba ua ule wa makuti tuliujenga upya, na kwamba mzee Hashiru ana mbio. Waliobaki ni wale waliokosa njia, pamoja na Magembe, aliyekuwa anacheka chini ya shuka mpaka shuka linatikisika, jambo ambalo halikumtuliza mtu.

Na hapo ndipo dada alipotokea kwa njia ya bondeni, ungo wa mchele kichwani, wanawake wenzake nyuma. Akasimama. Akatazama jamvi, viatu vilivyotawanyika, ua uliolala chini, Hussen aliyepiga magoti. Juu yake anaimba mwenyewe.

"Nani kafa?" akauliza.

Magembe akafunua uso.

"Wewe, dada."

Dada akaufikiri ule mchele. "Ningeambiwa mapema," akasema, "nisingetwanga wote huu."

Wakamweleza wote kwa pamoja. Hussen alimshika miguu kuhakikisha, akasema ana joto, akalia tena. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na simu mkononi, na simu imeandika *Mwanaamina anaimba*. Dada akaniita. Nikaenda kama mtu anayekwenda kwenye gari la muziki, nimeshahesabu nguo zangu mbili za kufunga. Aliichukua simu, akaisoma polepole, maana na yeye shule yake ni ya vipande. Nikamwambia kosa lilivyo: ningeandika kimezimika badala ya amezimika, asingelia mtu.

Alisikiliza mpaka wimbo ukafika pale anapopandisha sauti na wenzake wanapiga vigelegele. Mdomo wake ulikuwa unafuata maneno. Wale wazee wa kike waliokuja kumzika wakaanza kuitikia, mmoja mmoja, kwanza kwa woga.

"Nilisema nyumba iimbe," dada akawaambia watu. "Imeimba. Sikumwambia asiniue." Kisha akanigeukia. "Kafagie chumba chako, kina popo. Na wewe Hussen, rudia ulivyosema kuhusu ule mkorosho wa bondeni, nilikuwa mbali."

Hussen akarudia. Watu wakavaa viatu vyao, wengine vya wenzao, wakala mchele wa harusi siku moja kabla ya harusi, na kwa kuwa wameshafika na wamekuja na sukari na unga wa msiba, wakalala hapohapo.

Naila aliolewa Jumamosi, na sasa anakaa na mumewe Maneromango. Hussen alirudi mjini na huja kila msimu kusaidia kuokota korosho ambazo si zake. Kundi la wasapu lilirudishiwa jina la harusi. Mzee Hashiru hazungumzii siku ile. Mtu alikuwa amekuja na sanda. Dada aliikunja akaiweka kabatini, akasema kitu kizuri hakirudishwi. Magembe alidai mbuzi wake, akaambiwa msiba haukuwepo, akadai jogoo, akapewa. Raudha alikuja na kukibadilisha kikompyuta jina, kinaitwa Sabuni. Dada bado yu hai, anakiwasha mwenyewe asubuhi akiwa jikoni. Chumba cha uani nilikifagia, popo wakaondoka. Nilikaa humo mpaka mvua za vuli, kisha nikaenda Tunduru kuona kama lile ghala bado lipo. Ufunguo wa chumba ninao.